TUMBO KATIKA MAJIRA YA HARI: WASEMAVYO MATABIBU WA CHINA, NA YATUPASAYO SISI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa miili yetu iwe amana na akatupa riziki zilizo safi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji, Ramadhani ya mwaka 1446 ilitufikia mwezi wa Machi 2025, pwani hii ikiwa katika hari ya mwisho ya kaskazi. Tulifunga siku zote kwa uwezo wake Mola, wala hapana aliyeugua nyumbani kwetu. Lakini ilipofika Idi, kanzu tuliyoshonewa mwezi wa Shaabani ilitubana tumbo. Kila usiku baada ya tarawehe matumbo yetu yalijaa upepo mfano wa ngoma, miguu ikawa mizito, na usingizi ukatushika kabla ya witri. Watu wa nyumbani nao walilalamika vivyo hivyo. Tukajiuliza: mtu ashindaye na njaa mchana kutwa, hunenepaje?

Jirani yetu mmoja, kwa nia njema, akatuletea pakiti ya majani ya chai yenye maandishi ya Kichina, akisema kwamba hukausha tumbo kwa wiki mbili. Tuliigeuza huku na huku, tusione jina la mti wala la kiwanda ambalo tungeweza kulisoma. Basi tukaiweka kando, tukamwendea ndugu yetu mmoja mfanyabiashara, ambaye kwa miaka mingi husafiri Guangzhou kununua bidhaa, tukamwuliza kama Wachina wenyewe hufanya hivi. Akacheka, akasema: "Mwalimu, wazee wa kule mtu akivimbiwa wakati wa joto hawaanzi na pakiti. Huanza kwa kumwuliza amekunywa nini." Neno hilo ndilo lililotutia hamu ya kuuliza na kusoma, na haya tuyaandikayo leo ndiyo tuliyoyapata.

ELIMU NA NCHI YA CHINA

Watu wengi husema kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituamrisha kutafuta elimu hata ikiwa China. Yatupasa kuwa waaminifu katika jambo hili. Wajuzi wa hadithi wamesema kwamba isnadi ya neno hilo ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi alilihesabu miongoni mwa maneno yaliyozushwa. Lililotutosha ni lile alilolipokea Ibn Majah, kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na lile alilolipokea Bukhari, kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Elimu ya siha hupokewa kutoka kwa yeyote aliye nayo, kisha hupimwa.

Tena China si nchi ngeni kwa Uislamu. Katika mji wa Guangzhou umo msikiti wa Huaisheng, mmoja katika misikiti mikongwe kabisa ya nchi ile. Waislamu wa kabila la Hui peke yao wazidi milioni 10. Katika karne ya 14 kilitungwa huko kitabu kikubwa cha dawa za Waislamu, kiitwacho Huihui Yaofang. Asili yake kilikuwa juzuu 36, na zilizosalia ni 4 tu, zimehifadhiwa Beijing. Ndani yake majina ya dawa yameandikwa kwa herufi za Kiarabu pembeni mwa maandishi ya Kichina. Hivyo wenzetu wa zamani walipokutana na matabibu wa China walipokea na walitoa.

HARI YA CHINA NA KAZI YA BANDAMA

Guangzhou ni mji wa kusini, karibu na bahari. Kuanzia Aprili hata Septemba joto lake huchanganyika na mvua nyingi, na hewa huwa nzito yenye unyevu, hata jasho halikauki mwilini. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Wachina huzihesabu siku zilizo kali kabisa, tangu katikati ya Julai hata katika Agosti, na kuzigawa mafungu matatu yaitwayo sanfu. Jumla yake huwa siku 30 au 40. Katika siku hizo watu wengi hulalamika kwa jambo moja: hawana hamu ya chakula, na hata hivyo tumbo limejaa, hawali sana, na hata hivyo mwili umeongezeka.

Matabibu wa kale wa China walilieleza jambo hili kwa njia yao. Walisema kwamba mwaka una majira matano, si manne, na kwamba mwisho wa majira ya joto ni majira peke yake, yenye tabia ya unyevu. Kila majira yana kiungo chake mwilini, na kiungo cha majira haya ni bandama. Hapa msomaji asikosee. Bandama waisemayo wao si ile tu aionayo mchinjaji ubavuni mwa mbuzi. Ni jina walilolipa kazi nzima ya kukigeuza chakula kiwe nguvu, na kuyapeleka maji ya mwili mahali panapostahili. Bandama hii, wasema, hupenda ukavu na huchukia unyevu. Ikilemewa, chakula hakigeuki wala maji hayaendi, yote hutuama. Hapo ndipo tumbo hujaa upepo, viungo huwa vizito, choo huwa laini, na mtu husinzia mara alapo. Tabibu wao hutazama na ulimi: ukiwa umevimba, una utando mweupe mzito na alama za meno pembeni, yeye husema kwamba unyevu umezidi.

Je, ni nini kinachoilemea? Wao hupiga mfano wa chungu kilicho juu ya moto. Tumbo ni chungu, na nguvu ya bandama ni moto ulio chini yake. Atiaye maji ya barafu katika chungu kinachochemka huuzima uchemkaji, na akiyatia kila saa, moto wenyewe hufifia. Basi katika majira ya hari, mtu akimbiapo joto la nje kwa barafu, vitu vitamu na matunda mabichi mengi, hujitia baridi ndani. Ndiyo maana Wachina husifu tangawizi katika miezi ya joto, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilitushangaza.

Hapana aliyeshughulika na habari hii kuliko tabibu Li Gao, aliyezaliwa mwaka 1180 na kufa mwaka 1251, ambaye alitunga kitabu kizima juu ya bandama na tumbo. Alikuwa ameuona mji wa Kaifeng ukizingirwa na majeshi ya Wamongoli mwaka 1232. Mzingo ulipoondoka, watu walikufa kwa wingi. Matabibu wengine walidhani ni maradhi ya baridi yaliyoingia kutoka nje. Li Gao aliona kwamba asili yake ni njaa, taabu na kula kusiko na utaratibu, vilivyoyadhoofisha matumbo yao kwa ndani. Tuliposoma habari hiyo tuliikumbuka sinia yetu ya futari: tumbo lililopumzika saa 13 tulilipokea kwa jagi la maji ya embe yenye barafu, soda, kaimati zilizozama katika shira, tambi za sukari, kisha wali, vyote kabla ya isha.

WAFANYAVYO ILI KUJIPONYA

Dawa yao ya kwanza ni jikoni. Hupunguza vinywaji vya barafu, vitu vitamu na vyakula vyenye mafuta mengi. Hunywa maji ya moto au ya vuguvugu hata katika joto kali, kama ndugu yetu alivyoshuhudia kwa macho yake. Huchemsha choroko, hizi hizi tuzipikazo sisi kwa nazi, wakanywa supu yake ili kutuliza joto. Hupika supu ya boga jeupe lenye maji mengi, la jamii ya mumunye. Hutumia punje za nyasi iitwayo kwao yiyiren, ambayo aina yake ya mwituni ina punje ngumu ambazo hutungwa shanga na tasbihi. Punje hizi, wasema, huondoa unyevu, lakini humkataza mwenye mimba kuzitumia. Ganda la chenza lililokaushwa na kuwekwa miaka mingi, ambalo mji wa Xinhui umesifika kwalo, hutiwa katika chai au supu kuondoa upepo wa tumbo. Tikiti maji hulipenda kwa kukata kiu, bali husema tabia yake ni ya baridi, basi asilizidishe mwenye tumbo dhaifu.

Pamoja na vyakula kuna adabu. Huusiana kuacha kula kabla ya kushiba kabisa, sehemu 7 katika 10 zikitosha. Huusiana kutembea hatua mia baada ya chakula, wala wasilale mara moja. Huusiana kutoa jasho kidogo kila siku kwa kazi nyepesi wakati wa asubuhi.

Na tuseme kwa haki: katika mitaa ya Guangzhou kuna maduka mengi yauzayo chai chungu ya miti shamba, iitwayo liangcha, ambayo serikali ya China iliiandika mwaka 2006 katika orodha ya turathi za taifa. Lakini mtu wa kule huinywa akiijua, tangu utoto wake, kwa jina na kwa ladha.

KWETU NASI YALIKUWAKO

Msomaji mwenye busara ataona kwamba maneno haya si mageni kabisa. Bibi zetu walipotukataza mapapai mengi usiku, walisema ni ya baridi. Ugonjwa wa viungo twauita baridi yabisi, na neno yabisi ni la Kiarabu, maana yake kavu. Jina hilo ni mabaki ya utabibu wa mizaji, wa joto na baridi, unyevu na ukavu, ambao Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliueleza katika kitabu chake cha Qanun.

Katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, tumepokea pia kwamba alikuwa akila matango pamoja na tende mbichi. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Bibi Aisha, radhi za Allah zimfikie, amesimulia katika Abu Dawud kwamba alikula tikiti pamoja na tende, ili joto la kimoja livunjwe na baridi ya kingine. Hiyo ni mizani, na mizani ndiyo wayatafutayo matabibu wa China.

Huenda kijana mmoja akatuuliza: Je, si Bibi Aisha huyo huyo aliyesimulia, katika Tirmidhi, kwamba kinywaji alichokipenda Mtume zaidi ni kile kitamu cha baridi? Naam, na hatusemi kinyume chake. Wachina wasema kwa tajiriba zao. Hawatuhalalishii wala hawatuharamishii. Lakini natutazame baridi ile ilikuwa baridi gani. Yalikuwa maji yaliyolala katika kiriba, mfano wa maji ya mtungi wetu uliowekwa kivulini, wala hayakuwa barafu. Na utamu wake ulikuwa wa asali, au wa tende chache zilizolowekwa. Tena Mtume alikuwa akipumua mara tatu katika kunywa, nje ya chombo, wala hakunywa kwa mkupuo mmoja. Anayejaza jagi barafu na vikombe viwili vya sukari, akalimaliza peke yake kabla ya kuitika takbira ya magharibi, asijifunike kwa hadithi hii.

Na juu ya yote ipo kauli aliyoipokea Tirmidhi, kwamba mwanadamu hajazi chombo kilicho kibaya zaidi kuliko tumbo lake. Na ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31, Mola wetu ametupa ruhusa ya kula na kunywa, akatukataza israfu. Tazameni jinsi theluthi zetu mbili zinavyokaribiana na sehemu zao 7 katika 10. Na lile neno la kwamba tumbo ni nyumba ya maradhi, ambalo wengi hulisema kuwa ni hadithi, wajuzi wamelinasibisha na tabibu wa Kiarabu Harith bin Kalada. Hekima yake ni nzuri, bali tusimsemeshe Mtume asilolisema.

WASEMAVYO MADAKTARI WA LEO

Madaktari wa hospitali hawaupimi unyevu wa bandama, wala hawajasema kwamba maji baridi humdhuru mtu mzima wa afya. Hili tunalikaza, ili asitokee mzazi akawanyima watoto maji katika joto. Mwili wahitaji maji, yawe baridi au ya vuguvugu.

Lakini yale yaonekanayo nao huyaeleza. Katika joto mishipa ya damu hupanuka, na maji hutuama miguuni, khasa kwa mtu akaaye sana. Chumvi nyingi huyazuia maji mwilini, na hivyo mizani huweza kupanda kwa siku chache bila ya nyama kuongezeka. Soda huingiza gesi tumboni, na alaye kwa haraka humeza hewa. Ama unene wenyewe huja kwa sukari na mafuta. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na gramu 35 za sukari au zaidi, yaani vijiko vya chai vinane hata tisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 1 ya 10 ya nguvu za chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, na likasema kwamba nusu ya kiasi hicho ni bora zaidi. Basi chupa mbili za usiku mmoja zimekwisha kupita mpaka.

Kwa hiyo njia ni mbili, na maelezo yao hayafanani, walakini zimekutana jikoni: sukari ipungue, pupa ipungue, na miguu itembee.

PAKITI NA HATARI YAKE

Sasa turudie ile pakiti. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, mjini Brussels katika nchi ya Ubelgiji, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa vidonge vyenye miti shamba ya Kichina. Mti mmoja uliokusudiwa ulikuwa umebadilishwa kwa mwingine wa jamii ya Aristolochia, kwa kuwa majina yao katika Kichina yakaribiana. Mwaka 1993 madaktari walitangaza kwamba figo za wanawake hao zilikuwa zikifa. Waliodhurika walifikia kama mia moja, na baadhi yao baadaye walipatwa na saratani. Hawakuwa wagonjwa hapo mwanzo. Walikuwa watu wazima wa afya waliotaka nguo ziwakae vizuri. Tena dawa iitwayo sibutramine, iliyoondolewa madukani Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa huhatarisha moyo, imepatikana mara nyingi imefichwa ndani ya chai na vidonge vya kupunguza unene. Chai isiyotaja yaliyomo ndani yake ni siri, na siri haitiwi tumboni.

Na kuna khatari ya pili, ambayo twaisema kwa uchungu. Mjomba wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alivimba miguu na tumbo kaskazi moja nzima. Sisi tulikuwa wa kwanza kumwambia kwamba ni joto, asubiri kusi. Kusi ikaingia, uvimbe haukuondoka, na akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Alipofikishwa hospitali moyo wake ulikuwa umekwisha choka, na hakukaa sana. Ajali ni ya Mungu, lakini shauri lile lilikuwa letu, na tutaulizwa juu yake.

Basi uvimbe usioondoka, mguu mmoja kuvimba peke yake, uso kuvimba asubuhi, pumzi kupungua, tumbo kuwa gumu, damu katika choo, au mama mjamzito kuvimba ghafula mikono na uso, hayo si ya kuponywa kwa choroko. Na kwa wakaao penye maziwa na mabwawa, kichocho nacho huvimbisha tumbo na bandama, ile bandama hasa aionayo mchinjaji. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na apendaye utabibu wa Kichina amwendee aliyesomea na kusajiliwa. Madaktari wa China wamekuwa wakija kutibu Unguja na Bara tangu miaka ya 1960.

WASIA WETU

Akina mama, ninyi ndio wenye ufunguo wa jambo hili. Futari na ianze kwa tende na maji ya mtungi, kisha uji wa moto wa pilipili manga, ambao bibi zetu waliujua kabla hatujasikia habari za Li Gao. Kitamu kiwe kimoja, kisiwe vinne. Akina baba, tusidai sinia ijae ili tuonekane wenye neema. Nanyi vijana, mwendeeni msikiti kwa miguu. Kwenda na kurudi hupita zile hatua mia.

Nyumbani kwetu tulianza hayo katika sita ya Shawwali. Ilipofika Idi ya mfunguo tatu ile kanzu ilitukaa vema, na usiku twamaliza witri tukiwa macho. Huenda kusi nayo ilitusaidia kwa upepo wake, hatutaki kujisifu. Ile pakiti tuliirudisha kwa jirani yetu kwa maneno mazuri, tukamsomea habari za Brussels. Aliitupa mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe siha njema, atukinge na israfu na ujinga, na amrehemu mjomba wetu na maiti wote wa Kiislamu. Amin.